Mtu Aliyesimama Bila Kupiga Hodi

Jumamosi iliyopita niliingia kwenye lifti ya jengo letu hapa Lusail, kando ya Doha, nimebeba mifuko ya sokoni mikono yote miwili, na kabla mlango haujajifunga akaingia jirani na mbwa wake aliyetoka kuogeshwa. Mbwa mwenyewe hata si wa kutisha, kadogo tu, kamefungwa utepe shingoni. Lakini ile harufu ya manyoya mabichi ndani ya kijumba kilichofungwa ilinishinda. Nikabonyeza kitufe cha ghorofa ya karibu, nikashuka, nikapanda ngazi zilizobaki kwa miguu na viazi vyangu. Mimi, mtu mzima, mama wa mtoto, ninayewasimamia watu kazini na wananiheshimu! Nilipofika jikoni nilikaa chini kwenye vigae nikajicheka, viazi bado mapajani.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku Ghuba, watoto wa wazazi waliokuja kutafuta, mnaijua hofu ninayotaka kuisema. Si hofu ya mbwa. Ni ile ya kuja shule Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya wiki huku, ukakuta kiti cha rafiki yako kitupu, na mwalimu anaita majina kama kwamba jina lile halijawahi kuwepo. Hakuna aliyeuliza. Sote tulijua kwamba baba yake amepoteza kazi, kibali kimefutwa, wamerudishwa nyumbani. Tulijifunza hesabu hiyo kabla ya hesabu za kuzidisha: kazi ikienda, kibali kinaenda, kibali kikienda, ni uwanja wa ndege. Watu wazima walidhani hatusikii wanapoongea. Tulikuwa tunalala chumba kimoja nao, tungeacha vipi kusikia?

Sisi tulikaa Najma, mtaa wa Doha, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa kwa mbao, familia kadhaa, jiko moja. Baba alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ndogo, na mkubwa wake alikuwa Mzungu mmoja mcheshi aliyependa kupiga watu mabega. Baba alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani mwake, nao ni kusema "hakuna shida." Ukimwomba gari, hakuna shida. Ukimwomba afanye kazi siku ya Krismasi, hakuna shida. Basi likizo ya Desemba ikafika, yule mkubwa akawa anasafiri kwao, na jioni hiyo Baba akaja nyumbani na habari.

"Baba Wanza," Mama alisema, mwiko mkononi, "hebu rudia. Umesema mbwa?"

"Ni mpaka mkubwa arudi tu."

"Mbwa. Humu. Utamlaza wapi, kwa droo ya vijiko?"

"Ameniomba, Mama Wanza. Nikamwambia hakuna shida."

"Wewe siku moja utaombwa ushike simba mkia, na utasema hakuna shida!"

Baba alipomleta, msimamizi wa nyumba alimwona mbwa pale mlangoni akatikisa kichwa hata kabla Baba hajafungua mdomo. Hakuna mbwa hapa, kwaheri. Ndivyo tulivyoishia jangwani. Mkubwa alikuwa na karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, na majira ya baridi aliiegesha huko magharibi ambako watu wa hapa hupiga kambi na familia zao miezi ya baridi. Alikuwa amemwachia Baba funguo za karavani na za gari lake kubwa. Baba akapata wazo. Tungekaa kwenye karavani na mbwa, yeye angekuwa anakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. "Mtapata hewa safi," alituambia.  Mama alikunja nguo zetu kwa nguvu mpaka zikalia.

Sasa niwaeleze kuhusu huyo mbwa. Alikuwa jike, mkubwa, rangi ya asali, masikio yamelala, na mdomo ambao kwa macho yangu ulikuwa na meno ya kutosha mbwa watatu. Jina lake Moli. Shangazi yangu pia ni Moli, kwa hivyo Mama alikataa katakata kumwita jina, akawa anamwita "huyu." Mimi nilikuwa nimekuja Doha na hofu yangu ya mbwa kutoka Machakos. Kwetu mbwa hakuwa wa kuchezewa, alikuwa kifaa cha nyumbani kama kufuli. Mchana alifungiwa kwenye kibanda cha mbao, unaona pua tu na unasikia pumzi, na jioni anafunguliwa awe mkali. Mimi niliyaona mageti yameandikwa MBWA KALI kabla sijaweza kusoma kitu kingine. Sijui kama kuna mtoto wa Kikamba wa wakati wangu aliyejifunza kusoma kwa njia tofauti.

Na Baba, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akamtunza Moli hivyo hivyo. Mkubwa alikuwa amempa maelezo mengi kuhusu mbwa yule, anapenda nini, analala wapi, na Baba aliitikia yote huku akiwaza mambo yake. Giza lilipoingia alimfunga kamba nje, chini ya karavani, alinde. Mchana, alisema, tutamfungia ndani. Basi yule mbwa, aliyezoea kulala miguuni pa kitanda cha mwenyewe, alilia usiku kucha. Alibweka, akakwaruza mlango, akabweka tena. Baba alifurahi. "Mnasikia? Huyo ni mlinzi!" Mimi nilijifunika blanketi hadi juu nikimshikilia mdogo wangu Mutua, aliyekuwa mdogo hata hajaanza shule, na ambaye hakuogopa kitu chochote duniani, wala hakuwa na akili ya kuogopa.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, kila kitu kimelowa. Mbwa alipoingizwa ndani alinuka manyoya mabichi, na ile harufu ikachanganyika na gesi ya jiko na magodoro, tukawa tunaipumua. Baba hajamaliza chai, likasimama gari la wakaguzi wa kambi. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Aliongea Kiarabu na mikono. Moto usiwashwe chini kwenye ardhi. Takataka zisiachwe. Mbwa awe na kamba, na asipige kelele, watu wako hapa na familia zao. Kisha akainua kidole kimoja: mara ya kwanza, maneno. Akainua cha pili, akafuta viganja vyake kimoja kwa kingine kama mtu anayekung'uta unga. Khalas, yaani imekwisha.

"Amesemaje?" Mama aliuliza gari lilipoondoka.

"Akirudi tena kwa ajili ya mbwa, tunatolewa hapa, na mkubwa ataambiwa."

 Baba akachukua funguo akaenda kazini. Lakini hesabu mimi niliijua. Mkubwa akiambiwa, kazi inakwenda. Kazi ikienda, mnajua. Niliketi pale kwenye benchi la karavani, nikamtazama yule mbwa, naye akanitazama, na nikaelewa kwamba maisha yetu yote yapo ndani ya mdomo wake.

Alasiri ile ile ndipo mtu akaja akasimama.

Kati yetu na kambi ya jirani palikuwa na kilima kidogo cha mawe na changarawe, kwa hivyo hatukuwaona wao, tuliona ncha za mahema yao tu na bendera. Huyo mtu alitokea juu ya kilima. Kanzu nyeupe, kitambaa cha kichwani, na mikononi ameshika kitu bapa kinachong'aa juani. Akasimama. Hakuja karibu, hakuita, hakupunga mkono. Na kilichotutisha zaidi, hakututazama. Aligeuza uso upande, akaangalia jangwa tupu, akakohoa kwa sauti mara moja, akanyamaza. Moli aliruka dirishani akabweka kama amepagawa.

"Wanza, toka hapo dirishani," Mama alisema polepole.

"Ni nani?"

"Simjui. Mtu mwenye nia njema hupiga hodi."

Na kweli, kwetu ni hivyo. Hata mwizi wa kuku wa kijijini akija mchana atapiga hodi. Mtu anayesimama mbali na nyumba yako, kimya, bila kukutazama, bila kusema anataka nini, huyo amekuja kwa jambo ambalo halisemeki. Mama alifunga mlango, akashusha mapazia, akatukalisha sakafuni. Alishika ufunguo kwenye kiganja na midomo yake ilikuwa inaomba. Mimi nilichungulia chini ya pazia. Nilijua ninachokiona. Yule alikuwa anasikiliza mbwa. Alitumwa na mkaguzi kuhesabu kelele, na kile kinachong'aa kilikuwa ama pingu ama kitu kibaya kuliko pingu. Sikumwambia Mama kuhusu pingu. Nilimwonea huruma.

Alikaa kitambo, akaondoka. Kesho yake alasiri akarudi. Palepale, vilevile, uso upande, kile kikohozi kimoja. Mama alimpigia Baba simu huku ananong'ona kama kwamba yule mtu angemsikia.

"Mwambie mbwa anyamaze," Baba alisema. Tulimsikia sote.

"Nimwambie kwa lugha gani, Baba Wanza? Kikamba?"

"Mpe chakula. Mbwa anayekula habweki."

Ndipo nilipopewa ile kazi. Mama alikuwa amepika chapati, akazirarua vipande, akaniwekea kwenye bakuli. Kila mbwa akifungua mdomo, nimtie chapati. Yeye mwenyewe alikuwa amembeba Mutua kwa nguvu zote, maana yule mtoto alikuwa anataka kutoka nje kumsalimia mgeni. Hebu nifikirieni. Msichana anayeogopa mbwa kuliko kifo, amepiga magoti kwenye sakafu ya karavani, giza la mapazia, na anapeleka vidole vyake kwenye yale meno. Nililia bila sauti. Pumzi yake ilikuwa ya moto, ulimi wake ulinilamba hadi kifundo cha mkono, na kila alipotafuna nilisikia ule mfupa wa taya. Lakini kati ya kipande na kipande alikuwa ananguruma tumboni, na nikajua nikichelewa kidogo tu atabweka, na tutarudishwa. Nikaona afadhali vidole.

Siku hiyo alibweka kidogo sana. Nilijiona nimeokoa familia. Mama alinibusu paji la uso akasema, "Mwanangu, mwanangu," na ndipo nilipoona ananuka jasho la hofu, harufu ambayo sijawahi kuisikia kwake. Hiyo ilinitisha kuliko mbwa. Mama yangu alikuwa mtu wa kugombana na wenye maduka hadi wanampa kitu bure ili aondoke. Kama yeye anaogopa, basi jambo lenyewe ni kubwa.

Siku iliyofuata chapati ziliisha. Unga ulikuwa mdogo, na Mama alikuwa amesimama kwenye jiko anasonga ugali, mlango umefunguliwa kidogo kutoa mvuke. Huko nyuma ya kambi ya jirani, kama kila alasiri, vijana walikuwa wanashindana na zile pikipiki zao za magurudumu manne, zinanguruma kwenye njia yao ya mchanga, zinakuja zinapotea. Yule mtu akatokea juu ya kilima. Akakohoa. Moli akanipita kama sipo, akausukuma mlango kwa kichwa, akatoka mbio.

Na Mutua akamfuata. Miguu mitupu, shati peke yake, anacheka, anaita, "Moli! Moli!" Mbwa hakwenda kwa yule mtu, alizunguka kilima kwa upande kuelekea kule kwenye ngurumo, na mtoto nyuma yake. Yule mtu juu ya kilima aligeuka. Kwa mara ya kwanza alitutazama. Kisha akatupa chini kile alichokishika, akainua kanzu yake kwa mikono miwili, akaanza kukimbia kumfuata ndugu yangu.

"Ngai!" Mama alipiga yowe ambalo bado ninalo masikioni. "Anamchukua! Anamchukua mtoto!"

Alitoka na mwiko wenye ugali. Hakuwa na kilemba, leso imemfunguka, alikuwa anakimbia kwa namna ambayo sikujua mtu mzima anaweza kukimbia. Nikamfuata, maana kubaki peke yangu kulinishinda. Juu ya kilima nilikanyaga kitu cha moto laini. Ulikuwa wali. Wali wa manjano, na vipande vya nyama, umemwagika kwenye changarawe, mvuke bado unatoka, na kando yake sinia na karatasi ya foili iliyokunjamana, inang'aa. Niliona na sikuelewa. Nikaendelea kukimbia na wali kati ya vidole vya miguu.

Upande wa pili tuliwaona. Mutua alikuwa amefika kwenye ile njia ya mchanga. Pikipiki moja ilikuwa inakuja, kijana mwenyewe amegeuza kichwa nyuma anamcheka mwenzake. Yule mtu alimfikia mtoto, akamnyakua kwa mkono mmoja kama mzigo, akaruka naye pembeni, na pikipiki ikapita ikiwamwagia mchanga. Mimi niliiona pikipiki. Mama hakuiona. Mama aliona mwanaume asiyemjua amembana mtoto wake kwapani, na mtoto anapiga kelele. Alimfikia akampiga na ule mwiko begani, akampiga tena shingoni, kwa nguvu zote za mwanamke aliyekulia kulima.

Kitambaa cha kichwani kikamdondoka. Hakuinua mkono. Alimweka Mutua chini taratibu, akarudi nyuma hatua chache, akageuza uso upande.

Hapo pikipiki zote zikazimwa.  Vijana walisimama wakatutazama. Wanawake wawili walitoka hemani wamejifunika, wakasimama. Mama akaanza kuelewa kidogo kidogo, niliona uso wake unavyobadilika: njia, alama za magurudumu, mtoto mzima. Kisha akaangalia mwiko mkononi mwake, na kanzu nyeupe yenye ugali. Mwiko ukamwanguka. Alipiga magoti mchangani.

"Samahani," alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza kilimkimbia. "Samahani, baba. Samahani."

Yule mtu alisema "maalesh, maalesh," yaani si neno, huku ameshika shingo, bado anaangalia pembeni. Mkewe alikuja akamwinua Mama kwa kwapa, akamtoa Mutua mwiba mguuni, akamfunga kitambaa. Na alikuwepo msichana wa umri wangu, amevaa sweta la shule, aliyeongea Kiingereza kizuri kuliko changu.

"Kwa nini mama yako amempiga baba yangu?" aliniuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

"Anakuja kila siku anasimama pale," nilisema. "Hapigi hodi."

Nilimweleza hodi ni nini. Alishangaa sana. "Lakini huwezi kupiga kelele kwenye nyumba yenye wanawake. Unasimama mbali, unakohoa, unaangalia kwingine, ili wajifunike, na mwanaume wao atoke. Alikuwa anawaletea chakula. Nyinyi ni majirani. Baba yako mbona hatoki?"

"Baba yangu yuko kazini."

"Mama yangu alisema gari lenu halipo. Baba akasema hapana, hakuna mwanaume anayeiacha familia yake peke yake jangwani. Mimi nilitaka kuwaletea, lakini mama anaogopa mbwa wenu. Na mbona mnamlaza nje? Analia usiku."

Nilijifuta wali miguuni. Mama alimbeba Mutua, akanishika mkono, tukarudi. Mbwa alikuwa ametangulia, amekaa mlangoni, anahema.

Mngedhani hofu iliishia hapo. Hapo ndipo ilipoanza hasa. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kitu cha kufikiria, sasa Mama alikuwa amempiga mwenye nchi mbele ya familia yake yote. Alimweleza Baba kwenye simu. Baba hakusema hakuna shida. Alikuja akiendesha kama mwehu, akaoga, akavaa shati la mikono mirefu, akavuka kilima kwenda kuomba msamaha wakati wa magharibi. Alirudi haraka mno.

"Hawapo," alisema. "Magari yote yameondoka."

"Wameenda polisi," Mama alisema.

Baba akaanza kuvua lile shati. Asubuhi alipaswa kwenda kazini, kulikuwa na mitambo iliyoharibika na mwenye kutoa ruhusa alikuwa Ulaya anakula bata mzinga. Aliahidi kurudi mapema. Alipoondoka Mama aliniita akanikalisha katikati ya magoti yake akanisuka nywele upya, mistari myembamba, kwa utulivu uliokuwa unanitia baridi. Akanivalisha gauni langu la Pasaka. Akamvalisha Mutua shati lenye kola. Yeye akavaa sketi ya kanisani na viatu vya kufunika, akafungasha nguo zote, akaweka pasipoti kwenye mkoba wake, akaketi kwenye kidato cha karavani na mkoba mapajani.

"Tunakwenda wapi?" Mutua aliuliza.

"Hata wakitupeleka wapi," Mama alisema, "hatutaenda kama watu waliookotwa."

Tulikaa hivyo asubuhi nzima na mchana wote. Hakuna aliyekula. Kila gari lililopita mbali Mama alisimama, akanyoosha sketi, akakaa tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuaga vitu moyoni: shule, duka la chini lenye barafu ya maembe, dirisha letu la Najma. Nilimuaga hata mwalimu wa hesabu ambaye sikumpenda.

Alasiri tulisikia magari yanarudi upande wa pili wa kilima, milango inafungwa. Kisha yule mtu akatokea juu. Akasimama, uso upande. Shingoni alikuwa na kitambaa. Moli akaanza kubweka, na Mama akafumba macho. Halafu nikaona yule msichana anatokea nyuma ya baba yake, ameshika sinia kwa mikono miwili, anashuka kuja kwetu. Alipomwona mbwa amevuta kamba akasimama. Aliniangalia mimi.

Sikutaka. Naapa sikutaka. Lakini akigeuka arudi, tutakuwa tumewafukuza kwa mara nyingine, na hiyo ndiyo itakuwa ya mwisho. Nilienda nikamshika Moli kwenye mkanda wa shingo, nikamkumbatia kichwa kifuani, meno na yote, juu ya gauni la Pasaka.  Msichana alipita kwa kuzunguka, akaliweka sinia kwenye kidato. Aliona mifuko.

"Mnaondoka?" aliuliza.

Mama alisimama. "Wanza," alisema, "mwambie aende amwambie baba yake kwamba mama anaomba msamaha. Mwambie sikujua. Umwambie pia nina watoto."

Nikatafsiri, mbwa mikononi. Msichana akapanda kilima mbio. Tulimwona anaongea, anatuonyesha kwa mkono. Baba yake alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akapapasa shingo, akasema maneno machache bila kugeuka. Mama alikuwa amesimama, mkoba umebanwa tumboni kwa mikono miwili. Msichana akarudi anakimbia, akasimama mbali kidogo na mbwa, akihema.

"Baba anasema kesho mumfunge mbwa upande ule mwingine," alisema. "Jana tulienda mjini kwa bibi yangu. Kesho anakuja kukaa kambini, na anaogopa mbwa sana."

Nikamwambia Mama.

"Amesema nini tena?"

"Basi. Hilo tu."

"Amesema kesho?"

"Amesema kesho, Mama."

 Mama akaingia ndani, akavua viatu vya kanisani, na nikamsikia anafungua mifuko, anatoa nguo zetu moja moja, anazitundika.